Fundi wa Simu Hupima Kabla ya Kukata

Msomaji mpenzi, je, wajua kwamba mafundi wa simu wana msimamizi wao mbinguni? Tarehe 12 Januari 1951, Papa Pius XII alimtangaza Malaika Mkuu Gabrieli kuwa msimamizi wa watu wanaofanya kazi ya simu, redio na vyombo vingine vya kupelekea habari. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Gabrieli alitumwa Nazareti na habari, naye akaifikisha kama alivyopewa, bila kupunguza wala kuongeza. Hiyo ndiyo kazi ya waya wa simu, tena ndiyo kazi ya fundi anayeutunza: kilichotiwa upande huu kitoke upande ule, kizima.

Leo twataka kuzungumza nawe juu ya mafundi hao, hasa wale wanaofundishwa kufunga, kupima na kutengeneza njia za intaneti zipitazo katika waya wa simu, ambazo huitwa DSL. Twazungumza kwanza na wazazi na vijana wa Kilosa na Mikumi, maana huko, kama kwingineko, vijana wengi humaliza shule na kuuliza, "Nijifunze kazi gani?" Lakini hata wewe uliye mbali, kama umewahi kumlipa fundi mara mbili kwa ubovu ule ule, habari hii yakuhusu.

Wala usidhani ni jambo la anasa. Siku hizi hospitali huhakiki kadi ya bima ya mgonjwa kwa intaneti. Shule huandikisha watahiniwa wake kwa intaneti. Halmashauri hupokea ushuru wake kwa mashine zinazotegemea mawasiliano. Njia ikikatika, mgonjwa husimama dirishani na homa yake, akingoja. Anayemngojesha hapo mara nyingi ni kiungo kimoja cha waya kilichofungwa vibaya, au fundi aliyekuja, akabahatisha, akaondoka.

WAYA MMOJA, SAUTI MBILI

Ukienda harusini utasikia ngoma kubwa ikivuma chini na filimbi ikilia juu. Zote mbili hupita katika hewa moja, wala sikio halizichanganyi. DSL hufanya vivyo hivyo katika waya. Sauti ya mtu anayezungumza kwa simu huchukua nafasi ndogo ya chini, mpaka kiasi cha kilohezi 4 tu. Juu yake waya ulikuwa mtupu tangu zamani za Alexander Graham Bell. Wataalamu wakaona: kwa nini nafasi hiyo ya juu ikae bure? Basi intaneti ikawekwa huko, kuanzia karibu kilohezi 25 hadi 1,100, na katika aina iliyofuata hadi 2,200.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mhandisi mmoja wa Marekani, Joseph Lechleider, aliyefanya kazi katika maabara za Bellcore, alionyesha jambo lenye busara. Mtu wa nyumbani hupokea mengi kuliko anayoyapeleka. Ukiupa upande wa kupokea nafasi kubwa na wa kupeleka nafasi ndogo, kelele za nyaya jirani hupungua na kasi huongezeka. Ndipo ikazaliwa ADSL, iliyoweza kupokea megabiti 8 kwa sekunde, na baadaye ADSL2+ iliyofikia 24.

Nchini mwetu TTCL iliuza intaneti kwa njia hiyo, ikitumia nyaya zake za shaba zilizokuwa zimekwisha kufika majumbani na maofisini. Na waya wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, njia ya kwenda ng'ambo ikapanuka sana. Lakini, msomaji, hata bomba kubwa kutoka baharini halikufaidii kitu kama mita mia za mwisho, kutoka nguzoni hadi mezani kwako, zimeoza. Mita hizo mia ndizo shamba la fundi wetu.

UMBALI NI ADUI

Jambo la kwanza analofundishwa mwanafunzi ni kwamba shaba hula nguvu. Sauti ya chini husafiri mbali, lakini ile ya juu, ambayo ndiyo intaneti, hufifia upesi. Mtu aliye karibu na kituo cha simu aweza kupata kasi yote. Aliye kilometa 5 hupata kidogo, na zaidi ya hapo mara nyingi hapati kitu. Fikiri mtu wa Kilosa mjini, jirani na stesheni, na mwingine wa kijiji cha Ulaya, njiani kuelekea Mikumi. Hata wakinunua modemu moja, duka moja, siku moja, waya wa shaba hauwezi kuwahudumia sawasawa.

Fundi asiyejua jambo hili huahidi asichoweza kutimiza. Fundi anayelijua humwambia mteja ukweli kabla ya kupokea fedha: "Mzee, kwa umbali huu njia hii haikufai, tafuta nyingine." Neno hilo humpotezea kazi ya siku moja, nalo humjengea jina la miaka mingi.

KUFUNGA

Kufunga njia ya DSL huonekana kazi ndogo: nyaya mbili tu. Lakini tazama yaliyomo. Nyaya hizo mbili zimesokotwa pamoja, wala si kwa urembo. Kelele ikipita jirani huzigusa zote mbili kwa kiasi kile kile, na upande wa kupokea huiondoa. Mwanafunzi akiufungua msokoto huo kwa urefu mkubwa ili apate nafasi ya kufanyia kazi, ameifungulia kelele mlango.

Kadhalika hufundishwa asiulaze waya wa simu sambamba na waya wa umeme wa nyumba. Kila simu ya mezani ipitie kichujio, ambacho mafundi hukiita filta, ili ngoma ya chini isiiharibu filimbi ya juu. Viungo vifungwe kwa vishikizo vyenye grisi ndani, visivyoingiza maji, si kwa kuzungusha vidole na kuviringisha gundi ya karatasi. Kabla waya haujaingia ukutani, uinamishwe kidogo uwe kama tumbo, ili maji ya mvua yadondoke hapo chini yasifuate waya hadi ndani. Na kinga ya radi ifungwe kwenye waya wa ardhi ulio mzima, maana radi haiulizi bei ya modemu.

Tena asiume waya kwa meno ili kuumenya. Waya wa simu uliotulia una kiasi cha volti 50, na simu inapolia huweza kufika 75 au 90. Wengi wamelijua hilo kwa ulimi.

KUPIMA

Sasa twafika penye kiini cha mafundisho haya. Fundi mbaya akifika nyumbani kwako hutoa koleo kwanza. Fundi mwema hutoa mita kwanza. Hupima kwa utaratibu, hatua kwa hatua, na kila hatua huiandika.

Kwanza hutazama kwa macho: nguzo, boksi, waya, maungio. Pili hupima volti. Akikuta karibu 50, ajua waya umeshikamana na kituo. Akikuta sifuri, asiifungue modemu yako, kwa kuwa ubovu hauko huko. Tatu, nyaya zikiwa zimefunguliwa ncha zote mbili, na baada ya kuhakikisha hakuna umeme wa kigeni ulioingia, hupima kama waya mmoja unavujia mwenzake au unavujia ardhini. Njia nzima huonyesha mamilioni ya omu. Ikionyesha maelfu tu, maji yameingia mahali.

Nne, huomba ncha za mbali ziunganishwe, kisha hupima ukinzani wa waya kwenda na kurudi. Hapo hesabu ya darasani yageuka kuwa chakula. Waya wenye unene wa milimita 0.4 una kiasi cha omu 280 kwa kila kilometa, kwenda na kurudi. Tuseme karatasi ya kituo yasema nyumba iko kilometa 1.5. Basi mita ionyeshe karibu 420. Ikionyesha 700, mwanafunzi aulizwe: hizo 280 zilizozidi zimetoka wapi? Mmoja atasema, "Ni joto, Mwalimu." Basi na ahesabu. Shaba huongeza ukinzani kiasi cha asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za joto. Vipimo vya kitabuni ni vya nyuzi 20. Kwa nyuzi 35 za Kilosa, 420 zitakuwa kama 445. Joto limejieleza kwa 25 tu. Zilizobaki ni kiungo kibovu, chenye kutu ya kijani, nacho lazima kitafutwe.

Mwisho husoma taarifa ya modemu yenyewe: nguvu iliyopotea njiani, idadi ya makosa, na akiba iliyobaki juu ya kelele. Akiba hiyo huhesabiwa kwa desibeli, na 6 ndiyo shabaha ya kawaida. Ikishuka sana chini ya hapo, njia huishi kama mtu aliyekula akiba yote ya ghalani: siku yoyote mbaya yaweza kumwangusha.

KUTAFUTA UBOVU

Mwalimu mzuri hawaambii wanafunzi majibu. Huwapa dalili kama daktari anavyowapa wanafunzi wake. Jaribu nawe, msomaji.

Intaneti hukatika kila simu inapolia. Ni nini? Mara nyingi filta imesahauliwa kwenye simu moja, labda ile ya chumba cha nyuma isiyotumiwa, au kiungo kimelegea na mlio wa simu wakitikisa.

Mchana kasi ni nzuri, usiku hushuka. Ni nini? Mawimbi ya redio ya masafa ya kati hupita katika nafasi ile ile iliyopewa intaneti, nayo usiku hufika kutoka mbali sana. Waya uliofunguliwa msokoto wake huyadaka kama uzi wa redio.

Mvua ikinyesha, njia hufa. Jua likiwaka siku mbili, hufufuka. Hapo kuna maji katika boksi au kiungo. Fundi asiyepima hufika siku ya jua, hukuta mambo mazuri, hupokea nauli na kuondoka.

Na hili ndilo linalowashangaza wengi: simu imekufa kabisa, lakini intaneti yapita, ingawa polepole. Yawezekanaje? Waya mmoja kati ya ile miwili umekatika. Simu yahitaji mzunguko kamili ili iseme. Lakini mawimbi ya juu ya intaneti huweza kuruka pengo dogo na kupenya. Mwanafunzi akisha kulielewa hilo, hatasema tena, "Intaneti ipo, kwa hiyo waya ni mzima."

Kanuni iliyo chini ya yote ni moja: gawa njia katikati. Ondoa vyote vya nyumbani, ufunge modemu moja tu mahali waya unapoingia. Ikifanya kazi, ubovu uko ndani. Isipofanya, uko nje. Kisha uende boksi la nguzoni, ugawe tena. Kwa hatua chache kilometa mbili hugeuka kuwa mita chache.

Kuna na mtambo wa mwangwi. Hutuma mshindo mdogo wa umeme katika waya na kungoja urudi, kama mtu anayepiga kelele mbele ya mlima. Mshindo huo husafiri kiasi cha mita 200 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ukirudi baada ya sehemu 12, umekwenda na kurudi mita 2,400. Basi ubovu uko mita 1,200 kutoka ulipo. Hapo ndipo uchimbe, si popote.

KWANI SHABA HAIFI?

Najua mzazi mmoja amekwisha kuuliza: "Mbona twasikia nyaya za shaba zaondolewa na faiba zaletwa? Nimlipie mwanangu ada ya kazi inayokufa?"

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu la haki. Ni kweli, shaba yapungua. Shirika la simu lenyewe lapeleka faiba majumbani, na Watanzania wengi hupata intaneti kwa simu ya mkononi tu. Kijana anayejifunza waya wa shaba peke yake amejifunza nusu ya kazi. Lakini angalia ni kitu gani kinachokufa na ni kitu gani kinachobaki.

Faiba ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, upitishao mwanga. Kuunga kwake ni kwingine, na hatari zake ni nyingine: vipande vya kioo visivyoonekana vinavyochoma ngozi, na mwanga usioonekana unaoweza kuumiza jicho la anayechungulia ncha. Lakini ubovu wake hutafutwa kwa mtambo wa mwangwi vilevile. Na mwanga ndani ya kioo husafiri karibu mita 200 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde! Hesabu ni ile ile. Kugawa njia katikati ni kule kule. Akiba juu ya hasara huhesabiwa kwa desibeli zile zile. Aliyefundishwa kufikiri kwa waya wa shaba hujifunza faiba kwa muda mfupi. Aliyefundishwa kubadili vifaa tu, kila kifaa kipya humrudisha darasa la kwanza.

Historia nayo yashuhudia. Mwaka 1948 ilianzishwa shule ya kuwafundisha mafundi wa Posta na Simu wa Afrika Mashariki, huko Mbagathi karibu na Nairobi. Shule hiyo leo ni chuo kikuu. Hapa kwetu, majengo ya Kijitonyama, Dar es Salaam, yaliyowafundisha mafundi wa simu, sasa ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hufundishwa humo mambo ya kompyuta na mawasiliano. Mitambo ya zamani imekwenda, mafundisho yamebaki na kukua.

MAHALI PA KUANZIA

Kwa watu wa wilaya ya Kilosa, mlango hauko mbali. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo chake pale Mikumi. Kijana aliyejifunza umeme kwa makini amekwisha kupata msingi: mita, waya wa ardhi, usalama wa kupanda nguzo. Anayetaka kuendelea na mawasiliano na kompyuta, VETA ina chuo cha TEHAMA Kipawa, Dar es Salaam. Na kwa yule aliyejifunza mtaani kwa kumfuata fundi mkubwa, VETA ina utaratibu wa kumpima ujuzi alionao na kumpa cheti, asibaki kuitwa kibarua maisha yake yote.

Lakini, wazazi, kabla ya kulipa ada mahali popote, ulizeni maswali matatu. Kwanza: mita ni ngapi, na wanafunzi ni wangapi? Mita moja kwa wanafunzi arobaini ni picha ya ukutani, si chombo. Pili: je, pana njia ya mazoezi yenye ubovu uliotiwa makusudi, ambayo mwanafunzi lazima aitafute mwenyewe? Tatu: je, mwanafunzi huandika alichopima, na mwalimu hukisoma? Mkijibiwa vema kwa yote matatu, msiogope ada.

Nawe kijana, sikiliza neno la mwisho. Kazi yako haitaonekana. Mteja haoni kiungo ulichofunga juu ya nguzo, wala hajui kama modemu uliyoitangaza kuwa mbovu ilikuwa mbovu kweli. Hapo ndipo majaribu yalipo. Ni rahisi kumwambia mjane, "Mama, modemu imeungua," ukamuuzia nyingine, na hali kosa lilikuwa filta ya bei ndogo. Hakuna atakayekukamata, ila mita ilikwisha kusema kweli, nawe uliisikia.

Watu wa Kilosa waikumbuka mvua ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, Mto Mkondoa ulipofurika, ukabomoa nyumba, ukakata reli, na maelfu wakabaki bila makao. Siku kama hizo neno moja kwa simu, "Hameni, maji yaja," laweza kuokoa nyumba nzima. Hakuna fundi ajuaye ni siku gani waya wake utapitisha neno kama hilo. Kwa hiyo kila kiungo na kifungwe kana kwamba ndicho kitakacholipitisha.

Mwaka 1955 Papa yule yule aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, fundi wa Nazareti. Basi wewe una wawili wa kukuombea: mmoja akukumbushe kufikisha habari nzima, mwingine akukumbushe kufanya kazi safi hata pasipo mtu wa kuitazama. Chukua mita yako, upime kwanza, uandike ulichokiona, umwambie mwenye nyumba kweli. Na baada ya hayo yote, ukate.